Shika kiuno, usitazame tumbo: namna ya kupima unene wa kondoo Lindi na Mtwara

Mwezi wa tano mvua zinaishia, majani bado mabichi mpaka kandokando ya barabara, na karibu kila kondoo utakayemwona kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu anaonekana mnene. Matumbo yamejaa, manyoya yanang'aa, mwenye mifugo anazunguka zizini roho kwatu. Pita tena mwezi wa kumi. Moto umeshachoma nyika, majani yaliyobaki ni mabua, na baadhi ya majike yaleyale unayahesabu mbavu ukiwa barabarani. Mbaya zaidi, mengi yana mimba kubwa. Katika miezi yote hiyo yametazamwa kila siku, ila hakuna aliyeyashika.

Jicho linadanganywa kirahisi sana na kondoo. Tumbo kubwa linaweza kuwa ni majani aliyojaza jioni, mimba, au maji yanayojikusanya kwa sababu ya minyoo. Manyoya nayo yanaficha mfupa. Ukiweka mkono, mambo yanajulikana hapohapo, na kipimo chenyewe hakihitaji mzani wala dawa, ni vidole vitano na daftari.

Wataalamu wanakiita kipimo hiki alama ya hali ya mwili. Kilianzia Australia mwaka 1961, kikaboreshwa Uskoti mwaka 1969, na hadi leo ndicho kinachotumika karibu kila mahali penye kondoo. Alama zinaanzia 1, mnyama aliyebaki mifupa, mpaka 5, aliyenenepa kupita kiasi. Katikati kuna nusunusu: 1.5, 2.5 na kuendelea. Zitumie hizo nusu, maana kwa jike mwenye mimba kutoka 2 kwenda 2.5 si jambo dogo.

Kabla hujamshika

Fanya kazi hii asubuhi, kondoo wakiwa bado zizini. Jua halijawa kali na hakuna wa kukimbizwa porini. Kama una kondoo 15 au 20, shika wote. Kama ni kundi kubwa la wafugaji waliohamia Kilwa au Liwale, shika 25 au 30, lakini uwachukue wanavyokuja mlangoni. Ukianza kuchagua, mkono utakwenda kwa wale wazuri tu.

Usimkamate kwa manyoya, kwa mkia, wala kwa kumvuta mguu wa nyuma. Anaumia, na mwenye mimba anaweza kuharibu. Msogeze ukutani au kwenye kona ya boma, weka kiganja chini ya taya, unyanyue kichwa kidogo, kisha mbane kwa paja lako. Akiwepo kijana wa kukushikia, mikono yako inabaki huru.

Asimame kwa miguu yote minne, ametulia. Hili wengi hawalijali. Kondoo aliyekaza mwili kwa woga anakaza na misuli ya mgongo, na wewe utampa nusu alama ambayo hastahili. Msubiri alegee, ndipo uanze.

Mahali pa kushika

Fuata ubavu wa mwisho kutoka chini kwenda juu mpaka ukutane na uti wa mgongo. Rudi nyuma kidogo, kabla hujafika kwenye mifupa ya nyonga. Hapo ndipo kiunoni, na ndipo pa kupimia. Hapatumiki begani wala kwenye mbavu, kwa sababu mafuta ya kiunoni ndiyo yanayochelewa kujaa na ndiyo yanayotangulia kuondoka.

Laza kiganja juu ya mgongo, dole gumba upande mmoja wa uti na vidole vinne upande wa pili, vikielekea ubavuni. Utakutana na vitu vitatu, na uvipime kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni ncha za juu za uti wa mgongo, zile zinazopangana katikati ya mgongo. Pitisha kidole juu yake. Je, kila ncha inasimama peke yake na ni kali, au zimefunikwa mpaka unahisi mstari mmoja?

Cha pili ni ncha za pembeni, mifupa mifupi inayochomoza kutoka kwenye uti kwenda ubavuni. Bonyeza mwisho wake kwa vidole, halafu jaribu kuviingiza kwa chini. Vidole vikipita chini ya mfupa bila kazi, mnyama amekonda. Ukilazimika kusukuma ndipo upate mfupa, ana nyama.

Cha tatu ni kile kilicho katikati ya ncha za juu na ncha za pembeni: msuli wa sarara, ileile inayogombaniwa buchani. Usikilizie kwa kiganja kizima. Je, umejaa na kupanda juu, uko bapa, au umebonyea kuingia ndani? Na juu yake kuna utelezi wa mafuta, au ngozi imegusana na nyama moja kwa moja?

Kama hujawahi kufanya hivi, kunja ngumi na upitishe kidole juu ya vifundo vya vidole: hivyo ndivyo mgongo wa alama ya 1 unavyohisi. Kunjua mkono upitishe kidole nyuma ya kiganja, hapo uko karibu na 3. Kwenye mnofu chini ya dole gumba ndipo penye 5.

Kutoa alama

Alama ya 1 haina ubishi. Ncha za juu zinachoma, vidole vinaingia chini ya ncha za pembeni bila kizuizi, sarara imebonyea na hakuna mafuta kabisa.

Ya 2 na ya 3 ndizo zinazosumbua, na kondoo wetu wengi wako hapo. Kwenye 2, ncha za juu bado unazipata moja moja ila makali yamepungua. Za pembeni ni za mviringo, na vidole vinapita chini yake ukibonyeza kidogo. Sarara ipo, lakini juu yake ni bapa na mafuta ni ya kutafuta. Kwenye 3, ncha za juu zimekuwa laini na huzitofautishi mpaka ubonyeze. Za pembeni zimefunikwa vizuri, kuzifikia ni kwa kusukuma. Sarara imejaa na ina mafuta kiasi juu yake. Ukisita kati ya hizi mbili, amua kwa ncha za pembeni. Zinatoa jibu safi kuliko za juu, hasa kwa kondoo wenye nywele fupi kama hawa wa kwetu.

Ya 4, ncha za juu unazipata kama mstari mgumu tu na za pembeni huzipati. Ya 5, hata huo mstari haupo. Katikati ya mgongo pameingia mfereji, mafuta yamepanda huku na huku. Hiyo 5 huku kusini utaiona kwa nadra, pengine kwa dume anayefungwa nyumbani na kulishwa kwa ajili ya Idi.

Sasa kuna jambo la mkia. Maelezo mengi ya kipimo hiki yaliandikwa kwa kondoo wa sufu wa Ulaya na Australia, ambao mafuta yao hujaa mgongoni. Kondoo wetu wa mkia mnene, pamoja na wale wenye kichwa cheusi, huweka akiba kubwa mkiani na matakoni. Kwa hiyo mgongoni usitegemee tabaka nene; kwa hawa sarara ndiyo hakimu kuliko mafuta. Ukimaliza kiuno, shika shina la mkia kama shahidi wa pili. Mkia umenywea na kiuno kina 2, basi akiba imekwisha na huyo ni wa kuhudumiwa leo. Mkia bado una uzito na kiuno kina 2, ana pa kuchota kwa wiki kadhaa. Lakini usiugeuze mpangilio ukamsifu kondoo kwa mkia wakati kiuno chake kimekwisha. Madalali wa mnadani ndivyo wanavyouza: wanakushikisha mkia, mgongo hawautaji.

Mkono unazoeshwa. Mshike kondoo mmoja watu wawili, kila mtu aandike alama yake bila kusema, halafu mlinganishe. Mkitofautiana nusu si neno. Mkitofautiana alama nzima, rudieni. Njia nzuri zaidi, na haifundishwi sana, ni kwenda machinjioni. Omba umshike kondoo kabla hajachinjwa, toa alama yako, kisha tazama mgongo ukishachunwa. Wachinjaji hawanyimi, mradi usiwacheleweshe. Ukishaona kwa macho mafuta uliyoyakadiria kwa vidole, hutabahatisha tena.

Andika, na uandike siku hiyohiyo

Kila mnyama mstari mmoja: alama inayomtambulisha, tarehe, umri kwa meno, alama ya mwili, na jambo lolote lisilo la kawaida. Mfano: "Jike jeusi, sikio limechanika, 12 Mei, meno kamili, 2.5, ananyonyesha." Apimaye awe mtu yuleyule kila mara ikiwezekana. Mkono wa baba na wa mtoto haufanani, na unachotafuta daftarini ni kujua anapanda au anashuka.

Aliyekonda, amekonda kwa nini?

Alama haikwambii sababu. Kabla hujakimbilia kununua pumba, mchunguze aliye chini ya 2 kuanzia kichwani.

Fungua kope ya chini ya jicho utazame rangi ya ndani. Nyekundu ni nzuri. Ikiwa imepauka kuelekea weupe, damu imepungua, na msimu wa mvua mshukiwa wa kwanza ni minyoo ya tumbo inayonyonya damu. Kuna kadi ya rangi iliyobuniwa Afrika Kusini kwa kazi hii, nayo ina namba 1 hadi 5. Angalia usichanganye: kwenye kadi ya kope, 1 ndiyo nzuri na 5 ni mnyama anayekufa, kinyume na alama za kiuno. Andika "kope 4" au "mwili 2", usiandike namba tupu. Uvimbe laini chini ya taya, wa maji, nao ni dalili ya minyoo iliyozidi. Dawa wape wale wenye kope zilizopauka na uvimbe. Ukinywesha kundi zima kila mara, minyoo inazoea dawa na siku ya shida haitakusaidia.

Fungua na mdomo. Kondoo anapata jozi ya kwanza ya meno makubwa akiwa na mwaka mmoja na kitu, na mdomo unatimia akikaribia miaka 4. Baada ya hapo meno yanaanza kuachana na kung'oka. Jike la meno yaliyokatika linakonda hata kwenye majani mazuri, na pumba utakayolipa ni ya kulisafirishia mnadani tu.

Tazama kwato. Anayechechemea hafuati wenzake, anakula yaliyobaki. Kwa waliopakana na mapori ya Liwale na Nachingwea, ongeza ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwenye orodha: kope zimepauka, homa inakuja na kuondoka, na dawa ya minyoo haibadilishi kitu. Hapo mwite afisa mifugo apime damu. Na ukiona mafua mazito, vidonda mdomoni na kuhara kwa wanyama kadhaa kwa pamoja, acha kipimo cha unene. Hiyo huenda ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo Tandahimba wanaifahamu. Toa taarifa na usimtoe mnyama hata mmoja zizini.

Wakiwa wote wamekonda kwa pamoja na kope ni nyekundu, jibu ni chakula au maji. Kwenye uwanda wa Newala, kiangazi maji ni ya kununua au ya kufuata mbali, na kondoo asiyekunywa hali. Anahitaji lita 2 hadi 4 kwa siku, na zaidi akinyonyesha.

Kalenda ya mkono

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mimba ya kondoo ni miezi 5, siku 150 hivi. Ukiviweka vitu hivi viwili pamoja utaona kwa nini dume anayetembea na majike mwaka mzima anakuharibia. Anapandisha wakati wowote anapopenda, na majike yanazaa mwezi ambao huna cha kuyalisha.

Maoni yangu, na wapo wafugaji wazuri wasiokubaliana nami, ni kumtenga dume na kumwingiza katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Anayeshika mimba 15 Julai anazaa karibu na 12 Desemba, majani yanapochipua, na maziwa yanapatikana. Gharama yake ni kwamba wiki 6 za mwisho za mimba, ambazo mtoto anakua sehemu kubwa ya mwili wake, zinaangukia Novemba, wakati mbaya kuliko yote. Ndiyo maana mkono lazima utangulie. Kutoa jike kwenye 2 kumfikisha 3 kunachukua wiki 6 hadi 8 za kulishwa vizuri. Kwa jike la kilo 30 ni kilo 3 au 4 za mwili. Ukigundua Novemba, umechelewa.

Kwa hiyo shika mara nne.

Mwezi wa tano, mvua zikiisha na watoto wakiachishwa. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu bado majani yapo na unayo miezi miwili ya kurekebisha. Jike lililonyonyesha kuwa na 2 au 2.5 si ajabu. Yaliyo chini ya 2 yatenge, yatibiwe na yalishwe peke yake. Ukiyaacha na wenzao, yanasukumwa kwenye hori na hayapati kitu.

Mwanzo wa Julai, kabla ya dume. Unataka majike yawe 2.5 hadi 3, na dume 3 hadi 3.5, maana msimu wa kupandisha anasahau kula. Majike ya 2.5 yaongezee chakula wiki 2 au 3 kabla ya dume na wiki 2 baada yake. Yanashika mimba vizuri zaidi na mapacha huongezeka. Yaliyo 3.5 na kuendelea hayana faida na nyongeza hiyo.

Mwishoni mwa Septemba. Kushuka nusu alama kunavumilika. Jike lililoshuka alama nzima lianze kulishwa hapohapo.

Mwanzo wa Novemba, kwa upole, bila kubana tumbo. Lengo ni 2.5 hadi 3 wakati wa kuzaa, na mwenye mapacha asipungue 3. Hapa hata unene ni hatari: jike nene mno, na lile lililokonda mno, yote mawili yanaweza kuugua kabla ya kuzaa kwa mwili kuyeyusha mafuta kupita uwezo wa ini. Linajitenga, halili, linatazama kama kipofu, na pumzi ina harufu tamu. Usimnyime chakula mwenye mimba kubwa ati umpunguze.

Cha kuwapa, vitu vya hapahapa

Julai hadi Septemba ni wakati wa mbaazi. Makapi, majani makavu na punje zilizovunjika wakati wa kupiga usiyachome. Ni chakula chenye nguvu ya kujenga nyama, na mwaka ambao bei ya mbaazi imeanguka ndio wa kuwakumbuka kondoo. Maganda ya mihogo yaanike juani siku 2 au 3 kwanza, yale mabichi yana sumu. Mabibo yanafika Oktoba, wakati nyika haina kitu. Toa korosho yote, kwa kuwa ganda lake lina mafuta yanayounguza, kisha anza na machache na uongeze kwa siku kadhaa. Akila mengi mabichi kwa mara moja tumbo linachachuka. Machicha yanayobaki baada ya kukamua uraka, pombe ya mabibo, yakianikwa yanakaa, na mara nyingi hutupwa bure.

Kwa majike ya kupandisha daraja, pumba za mahindi sehemu 2 kwa sehemu 1 ya mashudu ya alizeti au karanga, gramu 250 hivi kwa kila mmoja kwa siku, juu ya majani. Chumvi ya kulamba iwe ya kondoo. Chakula cha kuku au nguruwe, na madini ya ng'ombe yenye shaba, huwaua kondoo polepole. Ini linajaza shaba kwa miezi bila dalili, siku moja mnyama anageuka njano na kukojoa mkojo mwekundu. Na mashamba ya mikorosho yanapopulizwa salfa na dawa nyingine, chungia kwingine. Anayetaka kupanda malisho yake mwenyewe aulizie kituo cha TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kilichopo Naliendele, Mtwara.

Wa kuuza

Kwenye daftari la Mei, jike lililobaki 1.5 baada ya mvua zote, meno kamili, kope nyekundu na halikunyonyesha, halina kisingizio. Mvua ya pili likirudia, liuze.

Ila kama unalenga soko la Idi el-Hajj, ambayo kwa miaka hii inaangukia karibu na mwisho wa mvua, kumbuka mnunuzi wa udhiya ana sharti lake. Mnyama aliyekonda mpaka hana uboho hafai, sawa na kilema, chongo na mgonjwa. Mzee anayejua atakuja na kupeleka mkono kiunoni kabla hajauliza bei. Dume la 2 linalolishwa vizuri linataka wiki 6 hadi 8 kufika 3, basi hesabu kutoka siku ya Idi kurudi nyuma, na umshike mwenyewe kwanza.